Kosa Langu Katika Chumba cha Kompyuta

Wasomaji wa gazeti letu, kila aingiaye katika chumba cha kompyuta cha shule yetu huona karatasi iliyobandikwa ukutani, karibu na mlango. Imeandikwa kwa mkono, tena kwa Kiswahili: "Kitu kipya kipe jina jipya. Jina la zamani liache kama ulivyolikuta." Wanafunzi wa mwaka wa nne huuliza maana yake, na wenzangu hucheka na kunielekezea kidole, maana mwandiko ule ni wangu. Mwaka huu ni wa mwisho kwangu hapa shuleni. Nimeona ni heri nieleze habari hii mwenyewe, kuliko ielezwe na wengine ikiwa imetiwa chumvi.

Mimi ni mtoto wa Kamembe, hapa Rusizi. Mama yangu ni fundi wa kushona. Yeye na fundi mwenzake wanayo cherehani moja. Mama huitumia asubuhi, na mwenzake huitumia alasiri. Nilipokuwa mdogo nilimwona kila siku, kabla ya kuondoka, akishika kile kiskurubu kinachokaza uzi na kukirudisha mahali pake pa kwanza. Nilidhani ni desturi ya mafundi tu, wala sikumwuliza sababu. Laiti ningaliuliza.

Kompyuta za shule yetu ni kumi na mbili, zote kuukuu, nazo zinatumia mfumo wa Ubuntu. Mfumo huu ulitoka mwaka 2004, ukiwa umeanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake halihitaji kufasiriwa kwa Mnyarwanda. Kwetu ubuntu ni utu na ukarimu, na kitu kinachotolewa ku buntu ni kitu kinachotolewa bure, na kweli mfumo huu hutolewa bure.

Siku ya kwanza Mwalimu alitufungulia dirisha jeusi lisilo na picha hata moja. Palikuwa na alama ndogo tu ikiwakawaka, kama mtu anayengoja kuambiwa neno. Alituambia kuwa kile ndicho kinachoitwa ganda. Mtu huandika amri, ganda huipokea, huielewa, huipeleka ndani kwa mfumo wenyewe, kisha humletea mtu jibu. Likaitwa ganda kwa kuwa limeufunika mfumo kama ganda la yai linavyofunika ute na kiini. Aliyelipa jina hilo ni Mfaransa mmoja, Louis Pouzin, katika miaka ya 1960. Mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuunda mfumo wa Unix huko Marekani, na ganda lake la kwanza likatengenezwa na Thompson. Mwaka 1979 likatoka ganda la Stephen Bourne, likaenea sana. Hili tunalolitumia sisi linaitwa Bash, nalo liliandikwa na Brian Fox mwaka 1989. Jina hilo ni mchezo wa maneno: katika Kiingereza linasikika kama Bourne aliyezaliwa mara ya pili. Padre wetu aliposikia hayo alicheka sana.

Mwanzoni nililichukia dirisha lile. Nilikuwa nimezoea simu, ambayo mtu hugusa picha tu na mambo yakaenda. Hapa ukikosea herufi moja unaambiwa amri haijulikani. Lakini jioni moja, wakati wa masomo ya usiku, Mwalimu alinionyesha jambo lililonigeuza kabisa. Aliandika `ls -a`, na katika orodha yakatokea mafaili ambayo sikupata kuyaona, majina yao yakianza na nukta. Faili lenye jina la namna hiyo hufichwa. Halionekani mpaka uliulizie. Mojawapo liliitwa `.bashrc`. Akasema, "Kila ganda linapofunguliwa, kwanza husoma faili hili na kufanya yaliyoandikwa humu. Ukiandika neno humu, umeliambia ganda likae namna upendavyo." Zile herufi mbili za mwisho, rc, zimerithiwa kutoka mfumo wa kale wa miaka ya 1960, uliokuwa na chombo kilichoitwa runcom, kazi yake kutekeleza amri zilizoandikwa mfululizo katika faili.

Kuanzia usiku ule sikupata utulivu. Nilianza na majina. Ganda lina amri iitwayo alias, ambayo kwayo waweza kuipa amri nyingine jina lako mwenyewe. Niliandika hivi:

`alias orodha='ls -l'`

Tangu hapo nikiandika orodha, napewa orodha. Furaha niliyoipata ni vigumu kuieleza. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi katika Rwanda, na sisi wa Kamembe tulikuwa tukikisema sokoni kabla ya hapo. Lakini sikuwahi kuona kompyuta ikinitii kwa Kiswahili. Nikaongeza rangi katika ile alama inayongoja amri: kijani kwa jina langu, samawati kwa jina la folda niliyomo. Wenzangu wakaja kutazama, nami nikavimba kichwa.

Onyo la kwanza lilinijia mapema, ila sikulielewa. Ganda linapopewa amri huitafuta katika folda kadhaa, na orodha ya folda hizo huwekwa katika neno PATH. Nilitaka kuongeza folda yangu katika orodha ile, nikasahau kuandika `$PATH` mwishoni. Basi sikuongeza folda, bali nilifuta zote za zamani na kubakiza yangu peke yake. Nilipofungua ganda upya nikaandika ls: haijulikani. Nikaandika cp: haijulikani. Ganda lilikuwa limesahau kila kitu, nami nikatokwa na jasho. Mwalimu alinifundisha kuandika njia nzima, `/bin/ls`, na amri ikafanya kazi. Kwani amri zilikuwapo siku zote, ila ganda halikujua pa kuzitafuta. Tukalirekebisha faili. Akasema, "Kabla ya kugusa faili hili, fanya nakala yake." Nikashika hilo la nakala, nikadhani nimekwisha hitimu.

Muhula wa pili nilifanywa nahodha wa chumba cha kompyuta, nikakabidhiwa ufunguo. Hapa ndipo kosa lenyewe linapoanzia. Kwa kuwa mashine ni chache na sisi ni wengi, kila mashine ina jina moja la kuingilia, nalo twalitumia sote, ila kila mwanafunzi ana folda yake humo. Kwa hiyo `.bashrc` ya kila mashine ni ya wote. Mimi nilinakili faili langu nikaliweka katika mashine zote kumi na mbili. Sikumwambia mtu. Nilijiona nawafanyia watu hisani.

Katika faili lile mlikuwa na mstari mmoja ambao niliuona kuwa wa busara kuliko yote:

`alias rm='rm -i'`

Nieleze maana yake kwa wasiojua. rm ni amri ya kufuta. Kwa kawaida ukiiambia ifute faili lako, hufuta papo hapo bila kuuliza, wala hapana pipa la taka ambamo waweza kuliokota tena. Ukiongeza `-i`, huuliza kwanza kwa kila faili: nifute au nisifute? Kwa mstari ule niliifanya rm ya mashine zote iwe inauliza. Nani angaliweza kusema hilo ni baya? Wadogo zetu wa mwaka wa tano wakaizoea. Walikuwa wakiandika `rm *`, maana yake futa vyote, kisha wakijibu ndiyo au hapana kwa kila faili, kama mtu anayechambua maharage.

Wiki kadhaa zikapita. Jumapili moja jioni nikapata wazo jingine. Ganda langu lilikuwa likionyesha saa kwa hesabu ya Kizungu, 20:00, nami nikataka lionyeshe saa 2, kama tunavyosema nyumbani, iwe kwa Kiswahili au kwa Kinyarwanda. Nikatafuta hesabu yake. Chukua saa ya kompyuta, ongeza 5, gawanya kwa 12, shika baki, kisha ongeza 1. Mathalani 20 na 5 ni 25. Ukigawanya kwa 12 baki ni 1. Ongeza 1, unapata 2. Nikaandika kazi ndogo nikaiita saa:

`saa() { echo "saa $(( ($(date +%H) + 5) % 12 + 1 ))"; }`

Nikaitia katika ile alama inayongoja amri. Ikafanya kazi! Dirishani niliona taa za Bukavu zikimetameta ng'ambo ya ziwa, na kwenye kioo nikaona "saa 2". Nikaiweka katika mashine zote, nikafunga mlango, nikaenda bwenini nikiimba.

Asubuhi yake, Jumatatu, saa mbili kamili, darasa la mwaka wa tano liliingia chumbani kukabidhi kazi zao za muhula. Kila aliyebonyeza Enter aliletewa mstari wa malalamiko, kwamba 08 ni kubwa mno kwa msingi wake. Mashine kumi na mbili zilikuwa zikilalamika kwa pamoja. Mimi nilikuwa katika somo la hisabati, sina habari.

Sababu yake niliijua baadaye. Amri date huandika saa mbili asubuhi kuwa 08, ikiwa na sifuri mbele. Nalo ganda, likiona namba inayoanza na sifuri, hudhani imeandikwa kwa msingi wa nane, ambao una tarakimu 0 mpaka 7 tu. Kwa hiyo 00 mpaka 07 hupita salama, na 10 mpaka 23 hupita salama. Zinazokwama ni 08 na 09 peke yake. Kati ya saa ishirini na nne za siku, kosa langu lilionekana kwa saa mbili tu, nazo ndizo saa ambazo mimi huwa darasani. Ningalijaribu usiku mia nisingaliliona.

Mwalimu hakupoteza wakati. Mfumo huweka nakala safi ya faili lile katika `/etc/skel`, basi akaenda mashine kwa mashine, akafuta faili langu na kurudisha lile la asili. Malalamiko yakakoma, wanafunzi wakaendelea. Kumbe pamoja na ile saa yangu, ule mstari wa rm nao ulikuwa umekwenda, wala hakuna aliyejua.

Katika darasa lile alikuwamo kijana mmoja ambaye wazazi wake wanalima chai upande wa Shagasha. Kazi yake ilikuwa programu ya kujumlisha kilo za majani mabichi wanazopeleka, na kuonyesha kila mwezi wanastahili kulipwa kiasi gani. Alikuwa ameifanyia kazi muda wa wiki tano. Kabla ya kukabidhi akataka kuondoa majaribio yake ya zamani ili folda iwe safi. Akaandika `rm *` kama alivyozoea, akangoja kuulizwa. Hakuulizwa. Ile alama ikarudi kungoja amri nyingine. Ni desturi ya Unix kuwa amri ikifaulu hunyamaza. Alipoandika ls, folda ilikuwa tupu.

Habari hiyo niliisikia wakati wa chakula cha mchana, tena ilisimuliwa kwa kicheko. Walisema kijana alimwambia Mwalimu, "Huwa inauliza kwanza," na Mwalimu akamjibu, "Amri hii haiulizi, wala haijapata kuuliza." Akaonekana mwongo, mtu ambaye hakufanya kazi na sasa atafuta kisingizio. Alama zake za muhula zikawa sifuri. Meza nzima ilicheka. Mimi tonge lilinikwama kooni, kwa maana katika shule nzima ni mimi peke yangu niliyejua kwamba kijana yule alisema kweli.

Wasomaji, nitasema kama ilivyokuwa. Sikuinuka mara moja kwenda kwa Mwalimu. Nilikaa mchana kutwa nikihesabu. Faili langu lilikuwa limefutwa katika mashine zote, kwa hiyo ushahidi haukuwapo. Lile kosa la saa lilijulikana kuwa langu, nalo lilikuwa jambo la kuchekesha tu, ningalisamehewa. Hili la pili, kama ningalinyamaza, hakuna ambaye angalilijua. Niliogopa kupokonywa ufunguo, tena niliogopa barua ambayo Mwalimu angeniandikia wakati wa kutafuta nafasi ya chuo. Nilijiambia kuwa nilikusudia mema. Nikajiambia tena kuwa kijana hakupaswa kuandika `rm *` bila kufikiri. Maneno hayo yote yalikuwa na ukweli kidogo, wala hayakunipa usingizi wa adhuhuri.

Alasiri nilimkuta kijana yule ameketi nyuma ya bweni. Aliponiona alisimama kwa heshima, akasema, "Kaka, wewe unaijua mashine. Hebu niambie, kweli nilikuwa naota? Si ilikuwa inauliza?" Hapo niliona haya kiasi ambacho sijapata kuona tena. Nikamwambia, "Hukuota. Twende kwa Mwalimu."

Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho. Hakupaza sauti. Aliniomba ile nakala niliyoifanya, maana nilikuwa nayo, akausoma ule mstari mara mbili. Kisha alimgeukia kijana kwanza, si mimi, akamwomba radhi, akampa wiki moja kuirudia kazi yake. Ndipo akaniambia, "Kama ungaliita amri yako jina jingine, futa au lolote, yeye angaliandika futa, na leo ganda lingalimwambia amri haijulikani, na kazi yake ingalikuwapo. Wewe ulilichukua jina la zamani ukalitia maana mpya. Siku maana yako ilipoondoka, jina lilibaki na makali yake yote." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Na mimi nililifuta faili lako bila kulisoma. Hapo pana fungu langu." Akanyosha mkono nami nikampa ufunguo. Sikuurudishiwa mpaka muhula ulipokwisha.

Kazi ya kijana hatukuweza kuiokoa. Usiku nne tuliketi pamoja, yeye akikumbuka na mimi nikiandika, kisha mimi nikisoma na yeye akisahihisha. Kwa bahati njema, zile kilo za chai alikuwa ameziandika katika daftari kutoka vipande vya karatasi vya baba yake. Mali bila daftari hupotea bila habari, nasi daftari tulikuwa nalo. Alipata alama nzuri, tena programu ya pili ilikuwa fupi na safi kuliko ya kwanza.

Likizoni nilimsimulia Mama kisa chote, nikijitahidi kueleza ganda ni nini na faili lenye nukta ni nini. Sidhani kama yote yalimwingia, lakini aliuliza swali moja tu: "Na yule mtoto, umemrudishia kitu chake?" Nikamwambia, "Ndiyo, Mama." Akarudi kwenye mshono wake. Saa sita ilipokaribia akakishika kile kiskurubu cha uzi na kukirudisha mahali pake. Safari hii nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Mimi leo nashona kitenge, yeye jioni atashona hariri. Nikiacha uzi umekazwa kwa ajili yangu, ni hariri ya mwenzangu itakayokunjamana, naye hatajua sababu."

Sikuacha kulipamba ganda langu, wala sishauri mtu aache. Kazi inayofanywa kila siku yafaa kuufuata mkono wa mtendaji. Sasa `.bashrc` yangu naiweka katika kifaa changu mwenyewe cha kuhifadhia mafaili, na nikiketi kwenye mashine ya wote nalifungulia ganda langu tu faili hilo. Nikiondoka, mashine ni kama nilivyoikuta. Amri inayouliza kabla ya kufuta naiita futa, na rm nimeiachia maana yake. Ile kazi ya saa nayo nimeirekebisha kwa kutia `10#` mbele ya `$(date +%H)`, ili ganda lijue kuwa namba hiyo ni ya msingi wa kumi, hata ikianza na sifuri. Nimeijaribu saa mbili asubuhi na saa tatu asubuhi, siku ya likizo, nikiwa macho.

Wenzangu mtakaobaki, na ninyi mliokwisha kutoka mkafika maofisini na viwandani, nadhani mahali pengi mtakuta cherehani ya wawili. Tengenezeni kilicho chenu mpendavyo. Kilicho cha wote, kabla hamjakigusa, waulizeni wenzenu kwanza.